Bweni la utafiti halichagui wenye alama za juu

Kila msimu wa udahili wa bweni letu la utafiti, makazi ambamo wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaishi pamoja huku wakijifunza kutafiti, nasikia maneno yaleyale, na safari hii yamenichosha: "Huyu katoka sekondari juzi, atatafiti nini? Wapeni nafasi wale vipanga." Wazazi nawaelewa. Wahadhiri wenzangu siwaelewi, maana wanajua kazi ya utafiti inavyoanza.

Nani amesema mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakuja bwenini na mada yake mkononi? Anaanza tulipoanzia sote: kuingiza data za madodoso, kuandika mahojiano yaliyorekodiwa neno kwa neno, kuandaa sampuli, kusoma machapisho asiyoyaelewa mpaka ayaelewe. Mwanafizikia Margaret MacVicar aliwafungulia wanafunzi wa shahada ya kwanza mlango huo pale MIT, chuo kikuu cha teknolojia nchini Marekani, mwaka 1969. Mwaka 1998 Tume ya Boyer, iliyoangalia elimu ya shahada ya kwanza katika vyuo vikuu vya utafiti huko huko Marekani, ilitaka mwaka wa kwanza wenyewe ujengwe juu ya udadisi. Suala la uwezo lilishajibiwa zamani.

Linaloniudhi hasa ni hilo la alama. Alama zinaonyesha nani anajibu vizuri maswali yaliyotungwa na mwingine. Hazionyeshi nani ataweza kukaa na swali lisilo na jibu wiki baada ya wiki. Nimeona wanafunzi waliozoea kushika nafasi ya kwanza wakivunjika moyo jaribio la kwanza lilipogoma, kwa kuwa hawajawahi kukosa jibu. Ndiyo maana kwenye maombi naipa uzito barua fupi: ni jambo gani limekusumbua, na ulifanya nini ili ulijue? Anayeeleza vizuri jinsi alivyokwama namsoma mara mbili.

Na hapo ndipo makazi yanapopata maana. Mwanafunzi aliyekwama akiwa peke yake chumbani huamini kwamba yeye ni mjinga. Akitoka kwenda ukumbini usiku akamkuta mwenzake ambaye bakteria wake wamekufa, na mwingine ambaye wahojiwa wake hawapokei simu, anaanza kuelewa kwamba kukwama ni sehemu ya kazi. Halafu wa historia anamuuliza wa biolojia, "Umejuaje?" Swali hilo lina faida kuliko mihadhara yangu mingi ya mbinu za utafiti. Lakini kuta peke yake hazifanyi hivyo. Pasipo semina ya pamoja, msimamizi anayempa kila mmoja kazi halisi, na wa mwaka wa pili au wa tatu wanaoishi humo humo, hiyo ni hosteli ya kawaida iliyobandikwa kibao.

Kuna shaka ambayo vipeperushi vyetu havisemi. Wanafunzi wetu wakimaliza vizuri kuliko wengine, siwezi kuapa kwamba ni kwa sababu ya bweni. Walijichagua wenyewe, walikuwa na hamu kabla hawajafungua begi. Kuwalinganisha na wanafunzi wote ni kujidanganya. Njia ya haki naiona moja: waombaji wanaofaa wakizidi vitanda, tupige kura ya bahati nasibu, kisha tuwafuatilie waliopata na waliokosa hadi wahitimu. Wenzangu wanaogopa kwamba kura itawaacha nje wale vipanga. Mimi naogopa zaidi kuendelea kuomba fedha kwa ajili ya mpango ambao sisi, walimu wa utafiti, hatujautafiti.