Mkitaka ngoma, leteni na wapinzani

Imekuja tena. Safari hii mwandalizi wa mkutano mmoja hapa Mwanza anaomba kikundi cha ngoma ya asili ya Kisukuma, watu wanane, dakika tano, wavae ngozi, waje na chatu, na "wasichanganye mambo ya kisasa ili tulinde uhalisia". Wageni wanafika saa tatu asubuhi. Ngoma ipigwe wakiwa wanashuka kwenye magari.

Kazi yangu ni kuratibu programu za utamaduni: vikundi vya ngoma vya upande wa Kisesa na Magu, pamoja na shule kadhaa za Ilemela na Nyamagana. Maombi ya namna hii huja kila msimu wa mikutano na nimekuwa nikiyajibu kwa upole, mmoja mmoja. Upole umeisha. Naandika hapa ili nikiombwa tena nitume ukurasa huu niendelee na shughuli zangu.

Tummalize chatu kwanza. Mambo ya nyoka yalikuwa ya Bayeye, chama cha watu waliowajua nyoka na dawa za kuumwa na nyoka, kama Banunguli walivyokuwa wawindaji wa nungunungu wanaoharibu mashamba. Kila chama kilikuwa na ujuzi wake, nyimbo zake na utaratibu wake wa kuingizwa. Kumwambia mcheza bugobogobo, ngoma ya kulimia, aje na chatu ni kumwagiza seremala aje na nyavu. Tena mnyamapori hafugwi bila kibali, kwa hiyo kabla ya kuniuliza chatu yuko wapi, niulizeni kibali kiko wapi.

Sasa hilo la "uhalisia", ambalo ndilo linalonikosesha usingizi.

Watu wengi, tena wasomi, wanaamini kwamba palikuwa na ngoma moja safi ya mababu, kwamba sisi wa leo tumeichafua, na kwamba kuhifadhi maana yake ni kuirudisha ilivyokuwa halafu kuizuia isisogee. Kwa Usukuma imani hiyo imekosea tangu kwenye mzizi, kwa sababu ngoma ya Kisukuma ni mashindano. Wacheza ngoma wetu wana pande mbili kubwa, Bagika na Bagalu, na simulizi huzirudisha pande hizo kwa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliokuwa wakishindana nani ana dawa kali zaidi na nani anavuta watu zaidi. Mpaka leo mtu anakuwa Mgika au Mgalu, na ukimkosea upande wake atakusahihisha kabla hujamaliza sentensi.

Shindano lenyewe linaendeshwa hivi. Ni kiangazi, mavuno yameingia, watu wana nafasi na wana chakula. Makundi mawili yanapewa uwanja mmoja, siku moja, na yanapiga kwa wakati mmoja. Hakuna anayesubiri zamu. Kundi moja huku, jingine kule, umati katikati, na umati ndio unaoamua kwa miguu yake. Ukisikia upande wa pili wamelipuka kwa kicheko, unaondoka hapa unakimbilia kule. Kundi lenye watu wengi limeshinda, na lililobaki na watoto na jamaa zake limeshindwa, na kila mtu ameona. Hakuna jaji wa kumlalamikia.

Fikiria sasa manju, mtunzi na kiongozi wa kundi, anayeishi ndani ya utaratibu huo. Wimbo wa mwaka jana hauwezi kumsaidia, watu wameshausikia. Wapinzani wakiteka uwanja kwa sanamu za mbao zinazochezeshwa, mwakani yeye lazima aje na kitu ambacho hawakukitarajia: vichekesho, mazingaombwe, mnyama, vazi, fumbo la kumkejeli manju mwenzake mbele ya wakwe zake. Leo anakuja na filimbi ya refa, jezi, miwani ya jua na spika ya kukodi. Mgeni anatazama spika ile anasikitika kwamba utamaduni umekwisha. Mimi natazama spika ile naona manju aliyefanya hasa kile alichokuwa akikifanya manju wa zamani, yaani kutafuta silaha ambayo mwenzake hana.

Kwa hiyo ukimwambia asitumie kitu kipya umemnyang'anya ngoma yenyewe ukamwachia mavazi. Na ukimwita peke yake, bila mpinzani, ni sawa na kuialika Simba ije CCM Kirumba icheze bila Yanga, dakika tano, halafu uondoke ukisema umeona soka.

Najua jibu mlilonalo: "Lakini Bulabo mbona ni ya asili?" Hapo ndipo huwa nacheka peke yangu. Bulabo, tamasha la kila Juni pale Bujora, Kisesa, ambalo kila mtu analitaja kama kilele cha utamaduni wa Kisukuma, limekua kutoka sikukuu ya Ekaristi Takatifu ya Kanisa Katoliki. Padri David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, alifanya kazi Bujora kuanzia miaka ya 1950. Badala ya kuzifukuza ngoma aliziingiza kwenye sikukuu, na Bagika na Bagalu wakapata uwanja mpya wa kupimana ubavu. Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora yalianzia kwenye juhudi hizohizo, na kanisa lake limepambwa kwa alama za kitemi, yaani za machifu wa Kisukuma. Mambo haya yote yana umri wa babu yangu tu. Je, ni bandia? Hata kidogo. Yameishi kwa sababu yaliyakubali mashindano kama yalivyo na hayakumwomba mtu acheze kistaarabu. Wazee wanaokwenda Bulabo kila mwaka hawaendi kuangalia urithi. Wanaenda kuangalia nani atapigwa.

Habari ya watemi nitaipita haraka, maana ina wataalamu wake. Mamlaka ya machifu yalifutwa kisheria mwaka 1963, ila heshima yao haikufutwa. Mwaka 2021, Kisesa hapohapo, Rais Samia alisimikwa kwa jina la Chifu Hangaya. Mwenye kutaka ngoma za kitemi na historia ya kila himaya aende Bujora akaone, kisha azungumze na wazee wa eneo husika, kwa sababu Usukuma haukuwahi kuwa na mtemi mmoja na hakuna anayeweza kusema kwa niaba ya wote.

Bugobogobo nayo ina kisa chake. Ile ni ngoma ya jembe. Watu walilima kwa safu, wakifuata mdundo, majembe yakipanda na kushuka pamoja, na shamba la mtu likaisha bila mtu kuhisi jua. Kisha ikaingia majukwaani. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na toleo la jukwaani la bugobogobo likawa mali ya nchi nzima: fupi, lenye mpangilio, majembe yanarushwa na kudakwa, watu wanapiga makofi. Sina ugomvi nalo, ni zuri. Nashangaa tu kuona kijana wa Magu analijifunza kwenye simu kutoka Pwani wakati babu yake aliyelima kwa mdundo amekaa uani anakoboa mahindi. Nikimpeleka kwa babu, babu anamwambia kitu ambacho video haisemi: wimbo ulikuwa unarefushwa au kukatwa kulingana na udongo. Ardhi ngumu, mdundo wa taratibu. Leo wengi wanalima kwa plau la ng'ombe na udongo hauna tena neno kwenye wimbo. Siwezi kuwarudisha watu kwenye jembe la mkono ili ngoma ikamilike, wala sitaki. Kwa hiyo ninapoifundisha bugobogobo shuleni nafundisha nini hasa? Kuna siku najibu kwamba nafundisha ukakamavu na kumsikiliza mwenzako. Kuna siku sina jibu, napiga filimbi tunaanza mazoezi.

Shuleni, adui yangu ni karatasi ya alama. Mashindano ya shule za msingi kama UMITASHUMTA yamefanya kazi kubwa kuwafikisha watoto kwenye ngoma, nayaheshimu. Lakini jaji akikaa na karatasi yenye safu ya "mavazi", "muda" na "ujumbe", mwalimu anafundisha kwa ajili ya karatasi. Kila ngoma inakuwa na ujumbe wa kuelimisha jamii na kila wimbo unamshukuru mgeni rasmi. Kwenye programu yetu tumejaribu njia nyingine: tunaligawa darasa pande mbili, tunawapa uwanja mmoja, wapige kwa pamoja, na wanafunzi wa madarasa mengine ndio umati. Wiki ya kwanza ni kelele tupu. Baadaye anajitokeza mtoto mmoja, mara nyingi yule anayefukuzwa darasani kwa utani, anatunga beti ya kuwasema wapinzani na nusu ya umati inahama. Hapo ndipo walimu wanapokuja kunilalamikia kuhusu nidhamu.

Malalamiko yao si ya bure. Kejeli za ngoma huuma. Uadui wa Bagika na Bagalu haukuwa wa kucheka tu, na dawa ilikuwa kiini chake: kundi lilikuwa na mganga, na ushindi ulihesabiwa kuwa wa dawa kabla haujawa wa sauti. Programu yangu inachukua nyimbo inaacha dawa. Wazazi walokole hawataki kusikia habari hiyo, na walimu hawana hamu ya kesi. Mimi mwenyewe natoka katika ukanda ambao vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, kwa sababu ya macho mekundu na maneno ya ramli, na sitasimama mbele ya watoto kupamba kila kilichotoka kwa mganga. Hapohapo najua kwamba ninachagua. Ninachowapa watoto ni ngoma iliyochujwa, na niliyeshika chujio ni mimi. Anayeniambia kwamba hata mimi siuhifadhi uhalisia ana hoja nzito kuliko yule wa chatu.

Kuna pia suala la pesa. Zawadi ndogo inachangamsha, zawadi kubwa inaharibu: manju anaacha kumtazama mpinzani anaanza kumtazama mfadhili. Mpaka kati ya hizo mbili sijaupata, na sidhani kama unakaa mahali pamoja kila mwaka.

Jambo la mwisho, kwa sababu halmashauri na mashirika yote huniomba ngoma tu. Pandeni kivuko mpaka Ukerewe, kisha mvuke hadi Ukara. Kisiwa kidogo, watu wengi mno, ardhi haba. Wakara walijibu kwa kufuga ng'ombe ndani, kuwalisha kwa majani ya kukatwa, kukusanya samadi na kuibeba mpaka shambani, na kupanda marejea katikati ya uwele ili wayafukie kuwa mbolea. Walilima ardhi ileile mwaka hadi mwaka bila kuiacha ipumzike. Wakati sisi wa bara tunapeleka mifugo mbele kutafuta malisho, wao walikuwa wanahesabu kila debe la samadi. Hakuna tamasha hata moja nililoalikwa kuandaa kwa ajili ya samadi. Haina mavazi, haipigwi picha vizuri, mgeni rasmi hawezi kuicheza. Vivyo hivyo mvuvi mzee wa Igombe anayeweza kukutajia ningu, gogogo na aina za furu alizokuwa akizivua kabla sangara hajatawala ziwa: kichwani mwake mna ziwa ambalo halipo tena, na hakuna aliyemwita jukwaani.

Basi, kwa mwandalizi wetu. Vikundi vipo. Nitakuletea viwili, Bagika na Bagalu, usafiri na chakula cha wote juu yako, uwanja uwe wazi pande zote ili watu waweze kuhama, muda usiopungua saa mbili, alasiri, si saa tatu asubuhi. Spika watakuja nazo. Wageni wako wasikalishwe kwenye viti, maana watatakiwa kukimbia.