Kempa ibaki Lushoto, milima uizunguke na gari dogo

Kila mwaka napandisha kempa, yani gari la kulala, milima ya Usambara, mimi ni fundi na pia dereva, na kila mwaka kuna mtu ananiambia twende nayo mpaka Mtae, kijiji cha mbali kule juu, si ina four wheel. Namjibu hapana ndugu yangu. Kempa ni nyumba, ina kitanda, jiko, mtungi wa gesi, tenki la maji lita 100 ambazo ni kilo 100 kamili juu ya magurudumu, ukijumlisha na watu na mizigo tani tatu na nusu unazifikisha mapema sana.

Sasa sikiliza hesabu hii maana ndo kiini chenyewe. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Mombo kule chini barabara kuu kama 400. Gari la tani tatu na nusu likishuka hizo mita 1,000 kwa breki peke yake, joto linalozalishwa linatosha kuchemsha maji lita 100, yani nusu pipa zima, na lote linaishia kwenye pedi na diski zako. Hapo mafuta ya breki ndo yanaleta shida, yanavuta unyevu wa hewani taratibu bila wewe kujua. DOT 4, ambayo ni aina ya mafuta ya breki, ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 230, ikishavuta maji kiwango kinaweza kushuka mpaka 155, na ikichemka inatengeneza mvuke ndani ya mipira, unakanyaga pedo inazama tu hamna kitu. Mimi iliwahi kunikuta chini ya Soni, mji mdogo ulio njiani kati ya Lushoto na Mombo, nilikuwa kijana, nimeshuka na gia kubwa, nikaanza kusikia harufu ya pedi kuungua. Nilibahatika kupata sehemu tambarare nikasimama saa nzima, natetemeka.

Kwa hiyo shuka na gia ileile ambayo ungepandia, namba mbili, injini ikushikilie, breki unakanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi halafu unaachia ipoe, usiikalie. Na usitoe gia kamwe. Fuso za mboga zikija nyuma zinapiga honi wapishe, wale wanawahi soko Dar, wewe hukimbizwi na mtu.

Ukishafika juu egesha, weka jiwe kwenye tairi, halafu safari za mchana fanya na gari dogo, sisi huwa tunakuja na kasuzuki nyuma. Irente ni karibu, kilomita chache tu, unasimama ukingoni unaona tambarare ya Wamasai yote chini ya miguu yako, na pale jirani kuna shamba wanauza mkate na jibini vya kwao wenyewe, nunua mchana huohuo. Magamba nenda asubuhi, msitu bado una ukungu na mbega wako juu ya miti, chukua sweta maana baridi ya kule haina utani hasa Juni na Julai.

Mtae ndo ya siku nzima. Ni mbali, sehemu kubwa ni vumbi na kona, masika inageuka utelezi mtupu, kwahiyo Machi mpaka Mei mimi siendi kabisa hata mtu anibembeleze vipi. Ila kiangazi, ukaondoka saa 12 asubuhi, unafika kijiji kimekaa juu ya mgongo wa mlima, huku bonde huku bonde, chini kabisa hifadhi ya Mkomazi na kule mbele Kenya. Saa nane geuza gari, zile kona hazifai gizani.