Maji ya mvua kwa ndege wa jangwani: dhana potofu na ukweli

Ukitaja kuwavunia ndege wa jangwani maji ya mvua, wengi hufikiria beseni lililowekwa kivulini. Beseni lina kazi yake, lakini si la kwanza. Tuutazame mji wa Tucson, Arizona, nchini Marekani, uliomo ndani ya jangwa la Sonora.

"Mvua yenyewe haitoshi kuvunwa"

Kwa kawaida Tucson haipati hata milimita 300 za mvua kwa mwaka. Ni kidogo, sawa. Ila milimita 1 ikianguka kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua moja ya milimita 20 linamwaga karibu lita 2,000. Shida kubwa zaidi ni mwendo wa maji hayo. Karibu nusu ya mvua ya mwaka hunyesha kati ya Julai na Septemba, kwa kishindo, na kabla udongo mgumu haujaanza kuyanywa, maji yameshakimbilia mtaroni.

"Ndege wa jangwani shida yao ni maji ya kunywa tu"

Hapa ndipo wengi wanaotaka kuwasaidia ndege wanapopotea. Ndege anayekula wadudu hupata sehemu kubwa ya maji yake ndani ya wadudu hao. Hua wa mabawa meupe, msimu wa matunda ya saguaro (lile dungusi kakati refu lenye mikono), hula na kunywa katika tunda hilohilo. Wanaohitaji kunywa hasa ni wala mbegu kavu. Firigogo, ambao nasi tunao kaskazini mwa Kenya, ni wa kundi hilo: dume hulowanisha manyoya ya tumbo dimbwini, kisha huruka na maji hayo hadi kwa makinda.

Sasa mwangalie kware wa Gambel, mwenyeji wa Sonora. Mwaka ambao mvua za miezi ya baridi ni nzuri, majani mabichi huchipua na vifaranga huwa wengi. Zikikosekana, kware huzaa kidogo mno, na beseni lililojaa halichukui nafasi ya majani. Ndiyo maana naona tangi bora la ndege ni udongo. Chimba bonde pana la kina kifupi, panda miti ya hukohuko kama mesquite au palo verde, weka matandazo, elekeza maji ya paa humo. Brad Lancaster, mkazi wa Tucson, alikata ukingo wa barabara ili maji ya lami yaingie kwenye mashimo yaliyopandwa miti, wakati ambapo kufanya hivyo hakukuruhusiwa. Baadaye mji wenyewe uliruhusu.

"Birika lolote nyikani ni neema"

Mwaka 1943 Ben Glading wa California alieleza birika la kware linalojijaza lenyewe: sakafu ngumu ya kukinga mvua, na chini yake tangi lililofunikwa ili jua lisiyanyonye maji. Ujanja wake uko kwenye mteremko. Maji yakipungua, kware hushuka kwa miguu kuyafuata, kisha hupanda tena. Kosea hapo, kuta ziwe wima au mteremko uteleze, na birika linageuka mtego. Kobe wa jangwani wamewahi kukutwa wamekufa ndani ya mabirika. Maji hayo huwanufaisha pia kunguru, na kunguru hao hula watoto wa kobe. Kwa hiyo mahali pa kujenga pachaguliwe kwa makini.

Beseni la nyumbani nalo lisuguliwe mara kwa mara. Hua wanaochangia maji machafu huambukizana trikomonasi, vimelea vya koo vinavyoua.

"Utafuga mbu"

Mbu anahitaji takriban wiki moja ndani ya maji hadi aruke. Bonde lililochimbwa vizuri hukauka ndani ya siku moja. Tangi livalishwe wavu kwenye kila tundu, basi.

"Sheria hairuhusu"

Inategemea uko wapi. Jimbo la Colorado, Marekani, liliwaruhusu wenye nyumba kukinga mvua kwa mapipa mwaka 2016 tu, tena kwa mapipa mawili. Tucson ilipitisha sheria mwaka 2008 inayotaka majengo mapya ya biashara yapate nusu ya maji ya bustani zake kutokana na mvua.