Je, wajua kwa nini kundi la wanachama wanaolipa kila mwezi linaweza kukwama kwenye watu arobaini?

Chukua duka dogo la vifaa vya keki lililofungua kundi la wanachama mtandaoni. Ada ni shilingi 10,000 kwa mwezi, na mwanachama hupata mafunzo, majibu ya maswali yake na punguzo dukani. Kila mwezi huingia watu wapya 8. Mwenye duka anapiga hesabu: 8 mara 12, mwakani wakati kama huu nitakuwa na watu 96. Mwaka unaisha, anakuta 37. Anaendelea vilevile, na mwaka wa pili ukiisha wamefika 40. Wapya 96 wengine wameingia na kundi limeongezeka watu watatu tu.

Hakuna mchawi hapo. Kila mwezi mmoja kati ya watano halipi tena. Kundi likiwa na watu 10, wanatoka 2 na wanaingia 8, kwa hiyo unaliona linakua. Likifika watu 40, wanatoka 8 na wanaingia 8. Hapo ndipo kwenye dari, na dari hiyo unaweza kuijua siku ya kwanza kabisa: gawanya idadi ya wanaoingia kwa mwezi kwa sehemu ya wanaotoka. 8 gawanya kwa 0.20 ni 40. Ukipunguza wanaotoka hadi mmoja kati ya kumi, dari inapanda hadi 80 bila kuongeza tangazo hata moja. Kwa njia nyingine, ungelazimika kupata wapya 16 kila mwezi, milele. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, lakini hapa mchukuzi ndiye mwenye mzigo.

Swali la maana basi ni kwa nini wanatoka, na sababu ya kwanza wengi hawaitazami kabisa: ni namna ya kulipa. Anayelipia Netflix kwa kadi ya benki hukatwa kila mwezi bila kuulizwa, kwa hiyo kubaki hakuhitaji kazi yoyote, kuondoka ndiko kuna kazi. Kwa M-Pesa au Airtel Money mambo ni kinyume. Mwanachama anaweka namba ya siri kila mwezi, na kila anapoiweka anajiuliza, hivi mwezi uliopita nimepata nini? Unamuuliza swali hilo mara 12 kwa mwaka. Ukiuza uanachama wa miezi mitatu kwa shilingi 25,000 badala ya 30,000, unamuuliza mara 4. Kenya sasa kuna M-Pesa Ratiba, huduma ya Safaricom iliyoanza 2024, inayomwezesha mteja kupanga malipo yajirudie yenyewe. Kama wateja wako wako huko, waelekeze waipange siku ileile wanayojiunga, maana wakishatawanyika ni vigumu kuwarudisha kwenye jambo hilo.

Siku ya kulipa nayo ina uzito wake. Kwa wanachama wenye mshahara, kati ya tarehe 28 na 3 pesa ipo; tarehe 15 utasikia “kesho dada”. Lakini waoka keki hawana mshahara. Keki huliwa kwenye harusi, komunio na siku za kuzaliwa, nyingi zikiwa Ijumaa hadi Jumapili, kwa hiyo mfuko wao unajaa Jumatatu. Kwa kundi la namna hii, Jumatatu ya kwanza ya mwezi ni bora kuliko tarehe yoyote maalumu. Wote walipe siku moja, na anayejiunga katikati ya mwezi apewe siku zilizobaki bure. Ukiacha kila mtu awe na tarehe yake, ndani ya miezi minne hutajua nani anadaiwa.

Kumbusha mara tatu: siku tatu kabla, siku yenyewe, na siku tatu baada. Namba ya malipo itume peke yake kwenye ujumbe wake, bila neno jingine, ili mtu aibonyeze na kuinakili akiwa palepale kwenye daladala. Ujumbe wenye salamu, maelezo na namba mbili ndani yake husomwa, kisha mtu anasema nitalipa nikifika nyumbani. Kenya, ukitumia Paybill (namba ya malipo yenye sehemu ya kuandika akaunti) badala ya Till (isiyo na sehemu hiyo), mpe kila mwanachama namba yake ya uanachama aiandike kwenye sehemu hiyo. Vinginevyo mume akilipa kwa simu yake, jina litakuja lingine, na jioni nzima utakuwa unauliza “huyu ni nani?”

Sababu ya pili ni mazoea ya vikundi tulivyokulia navyo. Kwenye upatu au vikoba, pesa unayotoa inakurudia. Kwenye uanachama wa biashara hairudi, kwa hiyo lazima kuwe na kitu kinachoonekana kila mwezi, na kitu hicho sio wingi wa video. Hili huwashangaza wengi. Ukimwaga video 40 za mafunzo, mwanachama mwenye oda tatu wikiendi hazitazami, rundo linakuwa deni, na deni humfanya mtu akimbie. Anaondoka akisema “sina muda”, na anasema kweli. Kozi ina mwisho wake, iuze kama kozi. Uanachama ufungamanishe na hitaji linalorudi.

Kwa mwoka keki, hitaji linalorudi ni bei. Unga, sukari, mayai na siagi havikai bei moja, na anayetoza bei ya mwaka jana anaoka kwa hasara bila kujua. Kila Jumatatu ya kwanza, duka linatoa hesabu mpya ya keki ya kilo moja, limeweka ndani yake hata vile vinavyosahaulika: gesi, boksi, ubao wa kukalia keki, na bodaboda ya kupeleka. Ukurasa mmoja tu. Kingine ni jibu la haraka. Mtu anatuma picha ya keki iliyodidimia katikati, anaulizwa kama alifungua oveni mapema au alizidisha baking powder. Mwingine wa Dar es Salaam fondanti yake, ile sukari laini ya kufunikia keki, imetoka jasho. Anaambiwa aliitoa kwenye friji akaiweka moja kwa moja kwenye hewa yenye unyevu. Majibu hayo hayaibiki. Video itasambazwa kwenye makundi mengine upende usipende, na kupigana na jambo hilo ni kupoteza muda, ila jibu la keki yangu mimi linanihusu mimi. Weka tu saa za kujibu, tuseme saa 2 hadi saa 4 usiku, la sivyo simu italia saa 9 alfajiri siku ya harusi ya mtu.

Ili ujue wanaondoka wakati gani, daftari linatosha. Kila mstari ni mwezi walioingia, kila safu ni mwezi waliolipa. Mstari wa Januari ukisoma 12, 8, 6, 6, 5, maana yake nusu wameondoka ndani ya miezi miwili na waliobaki wametulia. Kasoro iko kwenye mapokezi: mtu aliingia, hakujua aanzie wapi, akakaa kimya. Mstari ukisoma 12, 11, 11, 7, 4, mapokezi ni mazuri, lakini kufika mwezi wa nne umeishiwa cha kuwapa. Dawa za hali hizi mbili hazifanani kabisa, na jumla ya wanachama peke yake haiwezi kukuonyesha ni ipi.

Mapokezi mazuri ni wiki moja. Siku ya kwanza ujumbe wa sauti wa dakika moja unaomtaja jina na kumwonyesha kitu kimoja tu cha kufungua. Siku ya tatu aombwe picha ya keki yake ya mwisho, apewe ushauri mmoja. Siku ya saba afanye hesabu ya bei ya keki hiyo. Aliyefanya hesabu hiyo na kugundua alikuwa akijipunja shilingi elfu kadhaa, mwezi unaofuata hahitaji kubembelezwa.

Kuanza kwenyewe si kazi kubwa. Usirekodi chochote kwanza. Tafuta kwenye daftari la mauzo wateja 30 walionunua angalau mara tatu ndani ya siku 90, waandikie mmoja mmoja, uwauzie miezi mitatu ya mwanzo kwa bei ya waanzilishi. Wakilipa chini ya 10 ndani ya wiki moja, rudisha pesa zao na ufikirie upya ahadi yako. Kuongeza matangazo hakutaokoa kitu. Usiuze uanachama wa maisha, hata pesa ikikuitia namna gani. Unakula leo kisha unahudumia miaka yote.

Kwenye kualika wengine, angalia sheria. Kumlipa mwanachama fedha taslimu kwa kila mtu anayemleta kunaanza kufanana na upatu haramu, yaani mchezo wa piramidi unaolipa watu kwa kuingiza wengine, ambao Tanzania ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Zawadi iwe punguzo la bidhaa dukani, na itoke pale mgeni anapolipa mara ya pili. Ikitoka kwenye malipo ya kwanza utaletewa marafiki na mabinamu wa mwezi mmoja.

Halafu namba za simu. Kwenye kundi la kawaida la WhatsApp kila mmoja anaziona namba za wenzake, na hakosekani mtu wa kuzikusanya auze sabuni. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Omba ruhusa kabla ya kumwingiza mtu kundini. Chaneli ya Telegram huficha namba, na kiungo chake cha mwaliko unaweza kukiwekea kikomo cha mtu mmoja, kisifae kugawiwa. Pia asiyelipa hutolewa kimyakimya, bila aibu ya kuonekana mbele ya kundi zima, na asiyeaibishwa hurudi.

Ukifika wakati wa kupandisha ada, ipandishe kwa wapya. Wa zamani wabaki na 10,000 yao kwa masharti kwamba hawaruki mwezi. Akiruka, anarudi kwa bei mpya. Liandike hilo kwenye ujumbe wa siku ya kwanza, si siku ya ugomvi.