Ndege mliziona kwenye TV, meli je?

Juzi pale Jaws Corner, kikombe cha pili cha kahawa sijakimaliza, mzee mmoja kaanza tena: "Mrusi alimuweka Assad, rais wa Syria, madarakani miaka yote ile kwa ndege tu!" Nikanyamaza, maana kumkatiza mtu mzima barazani ni kukosa adabu, lakini mimi nimekula chumvi ya bahari miaka 19, ofisa wa meli za mizigo, na hilo neno "tu" lilinikaa kooni mpaka nyumbani. Kwa hiyo naandika.

Vita vya Syria (Sham ya wazee wetu) vilianza 2011, watu waliandamana wakapigwa risasi, baadhi ya askari wakaasi, mambo yakaharibika. Kufika 2015 jeshi la Assad lilikuwa hoi, mkoa wa Idlib, kaskazini magharibi, umeshamtoka. Tarehe 30 Septemba 2015 Urusi ikaanza kupiga mabomu kwa ombi lake mwenyewe Assad, kituo chao Hmeimim karibu na Latakia. Walisema wanawafata Daesh (wale wa ISIS), ila mabomu mengi ya mwanzo yaliwashukia waasi wengine kabisa.

Sasa jiulize yakhe, ndege 30 na kitu zinaruka kutwa, mabomu na mafuta yanatoka wapi? Mzigo wa namna hiyo huubebi kwa ndege kila siku, utafilisika, unakuja kwa meli. Bandari ilikuwa Tartus, pwani ya Syria, Warusi waliingia pale enzi za Sovieti, 1971, na njia ilitoka Novorossiysk, bandari ya Urusi kwenye Bahari Nyeusi, ikapita Bosphorus, katikati ya Istanbul, mlango wa bahari ambao pahala pengine hata kilomita haufiki, yaani watu wamekaa wanakunywa chai yao na meli ya jeshi inawapita mbele ya macho.

Na hapo ndo utamu wa kazi yetu. Ubavuni mwa meli, mbele, kati na nyuma, kuna namba zimepigwa rangi, pale maji yanapogusa ndo unajua imezama kiasi gani. Nishawahi kuzisoma saa tisa usiku nikiwa kwenye kiboti, tochi nimeing'ata kwa meno, wimbi linapanda linashuka na wewe unakisia katikati. Basi watu wa Istanbul walisimama na kamera zao, meli ikishuka kusini namba zimezama, yaani imejaa mzigo, ikirudi tupu zimetoka zote na ile rangi nyekundu ya chini inaonekana. Jasusi wa nini hapo? Mpaka meli kuukuu za mizigo zilizokuwa za Waturuki Urusi ilizinunua, ikazipandisha bendera ya jeshi, ndo hazikaguliwi tena.

Kichekesho ni kuwa tarehe 24 Novemba 2015 Uturuki iliidungua ndege ya Urusi, Su-24, wakanuniana kweli kweli, lakini meli zikaendelea kupita mlangoni kwake kwa sababu kuna mkataba wa Montreux wa 1936, unaoruhusu meli za kivita kupita wakati wa amani, na Uturuki haikuwa vitani na Urusi.

Tena ndege haikamati mtaa. Upande wa mashariki wa mji wa Aleppo, uliokuwa wa waasi, ulipoanguka Desemba 2016, baada ya nyumba na hospitali kupigwa na raia kufukiwa kwenye vifusi, waliokwenda kwa miguu walikuwa jeshi la Assad, Hezbollah (wapiganaji wa Lebanon) na wanamgambo wa Iran. Ndo maana mwisho wa Novemba 2024 waasi walipotoka Idlib, Hezbollah imeshachoshwa na Israel na askari wa Assad wenyewe wanavua magwanda wanakimbia, ndege za Urusi zilipiga na hazikusaidia kitu. Tarehe 8 Desemba Assad keshakimbilia Moscow.

Januari 2025 meli ya mizigo ya Kirusi, Sparta II, ikafunga gati Tartus. Safari hii haikuja kushusha, ilikuja kupakia. Kesho nikimkuta yule mzee ntamnunulia kahawa, halafu nimuulize namba za ubavuni zilikuwaje wakati inatoka.