Majaribio ya dawa za saratani na gharama zake: dhana potofu na ukweli

Familia ikiambiwa kuna dawa mpya ya saratani inayojaribiwa, nyumba nzima huinuka. Wengine wanaona mlango wa mwisho umefunguka, wengine wanaona mtego. Daktari Ezekiel Emanuel wa Marekani, bingwa wa saratani aliyeongoza idara ya maadili ya tiba katika Taasisi za Taifa za Afya kuanzia 1997 hadi 2011, amezipima imani hizi kwa hesabu. Nadhani kila mwenye mgonjwa angefaidika kuzijua hesabu hizo kabla hajaletewa fomu ya kutia saini.

Dhana: Ukiingizwa kwenye jaribio, umepata tiba bora kuliko wenzako.

Awamu ya kwanza ya jaribio haiulizi kama dawa inaponya. Inauliza mwili unastahimili dozi kiasi gani. Kundi la kwanza hupewa kidogo, linalofuata huongezewa, hivyo hivyo mpaka madhara yafikie kikomo. Kwa hiyo aliyetangulia huenda akapata dozi ndogo mno isiyomfaa kitu, na hilo halikutokea kwa bahati mbaya; ndivyo jaribio lilivyopangwa.

Mwaka 2005 Emanuel na wenzake walichapisha uchambuzi wa majaribio 460 ya awamu hiyo, yenye wagonjwa karibu 12,000, ya kuanzia 1991 hadi 2002. Uvimbe ulipungua vya kutosha kuhesabiwa kwa wagonjwa wapatao 11 katika kila 100. Dawa mpya ikitumiwa peke yake, hawakufika hata 5. Waliouawa na sumu ya dawa walikuwa karibu mmoja katika kila 200. Na uvimbe kupungua si kupona. Mgonjwa anaweza kuzisikia namba hizi na bado akakubali, kwa ajili yake au kwa ajili ya watakaougua baada yake, na uamuzi huo una heshima yake. Kinachoniuma ni kumwacha akubali huku akiamini kitu kingine.

Dhana: Basi tunafanywa panya wa maabara, na nusu yetu tutapewa vidonge vitupu.

Hofu hii haikuzuka hewani. Huko Tuskegee, Alabama, wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba kuanzia 1932 hadi 1972, hata penisilini ilipokwisha kupatikana. Lakini katika saratani, pale ambapo tiba inayofanya kazi ipo, kawaida dawa mpya hulinganishwa na tiba hiyo au huongezwa juu yake. Ni nadra mgonjwa kuachiwa kidonge kisicho na dawa peke yake. Na akitaka kujitoa katikati, ana haki ya kujitoa bila kunyimwa matibabu ya kawaida.

Dhana: Mgonjwa akishasaini, maadili yametimia.

Mwaka 2000 Emanuel, David Wendler na Christine Grady walitaja masharti 7 ya utafiti wa haki, na ridhaa ya mgonjwa ni moja tu kati ya hayo. Utafiti lazima uwe na manufaa kwa jamii, upangwe kisayansi, uchague washiriki kwa haki, hatari zake zisizidi faida, upitiwe na watu wasio na maslahi ndani yake, na washiriki waendelee kuheshimiwa hadi mwisho. Mwaka 2004, wakiandika kuhusu nchi maskini, waliongeza la 8: ushirikiano na jamii yenyewe. Kwetu Tanzania, NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) hupitia maadili ya utafiti na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) huidhinisha majaribio ya dawa. Muulize mtafiti vibali vyake. Hilo si utovu wa adabu.

Dhana: Kwenye jaribio kila kitu ni bure.

Dawa inayojaribiwa mara nyingi ni bure. Nauli, malazi na siku za kazi zilizopotea ni habari nyingine. Uliza pia nani atalipa ukidhurika, na jibu liwe kwenye maandishi.

Dhana: Wagonjwa wa siku za mwisho ndio wanaomaliza fedha za afya.

Mwaka 1994 Emanuel alipiga hesabu kwamba hata kama kila Mmarekani anayefariki angechagua huduma shufaa, yaani ya kutuliza maumivu na mateso, na kukataa matibabu mazito ya hospitalini, akiba ingekuwa kama asilimia 3.3 tu ya matumizi ya afya. Sababu ya kuzungumza na mgonjwa kuhusu mwisho wake ni mgonjwa mwenyewe: anataka kulala wapi, nani awe karibu, maumivu yatulizwe vipi.

Mwaka 2009, wakati wa mjadala wa sheria ya afya ya Marekani, Emanuel alizushiwa kwamba anataka mabaraza ya kuamua nani afe. Hapakuwa na baraza lolote. Kipengele kilichozua kelele kilitaka bima ya serikali ya wazee imlipe daktari muda wa mazungumzo hayo, mgonjwa akitaka mwenyewe. Kiliondolewa. Bima hiyo ilianza kuyalipia Januari 2016.