Gitaa la pwani: acheni kuitukana plaiwudi

Wiki hii tena. Kijana kaniwekea mezani gitaa aliloletewa na shemeji yake kutoka ng'ambo, uso mbao nzima ya sprusi (mti laini wa nchi za baridi), nyuzi zimepanda hadi kwenye freti ya 12, kile chuma chembamba cha kukatiza shingo, kidole kinapita chini yake. "Fundi, hili solidi kabisa, mbao moja nzima, siyo plaiwudi. Mbona linanisumbua?"

Linakusumbua kwa sababu ni solidi, mdogo wangu.

Naandika kwa wanaopigia nje ukanda wa pwani: baa za ufukweni, harusi za bustanini, kwaya zinazoimba chini ya turubai. Wa Arusha na Nairobi endeleeni na solidi zenu, ugomvi huu hauwahusu sana.

Magitaa mengi hutengenezwa kwenye vyumba vyenye unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 50. Kwetu asubuhi ya masika unyevu unapita 80 bila jasho. Mbao iliyotulia kwenye 50 hubeba maji kama asilimia 9 ya uzito wake mkavu. Ikizoea 80, inafika kama 16. Maji hayo huitanua upana, urefu karibu haubadiliki. Ndiyo maana mlango wa chumbani hugoma kufunga masika lakini haukwaruzi sakafu. Sasa tazama ndani ya gitaa: mbavu zilizogundishwa chini ya uso zimekatiza nyuzi za mbao, kwa hiyo uso unataka kutanuka, mbavu zinakataa. Uso hauna pa kwenda ila juu. Unavimba, daraja (kile kipande kilichogundishwa usoni kushika nyuzi za kupigia) linapanda nao, na nyuzi zinaondoka kwenye freti.

Plaiwudi ni tabaka, kwa kawaida tatu, zilizokatizana. Tabaka moja ikitaka kutanuka huku, ya jirani inaizuia. Haivimbi hivyo. Hiyo ndiyo "takataka" mnayoikimbia.

"Lakini sauti, fundi!" Haya, sauti. Chumbani, solidi nzuri inaishinda plaiwudi, sibishi. Ufukweni hakuna ukuta wa kurudisha sauti, kuna upepo, kuna jenereta ya jirani, na mara nyingi umechomeka waya kwenye spika. Nioneshe msikilizaji atakayetofautisha hapo. Tena solidi iliyovimba sauti yake huwa nzito, haitoki. Unalipia mbao nzima halafu unapata sauti mbovu kuliko ya gitaa la bei nusu.

Kuna jambo linaloniudhi kuliko hayo yote. Watu wanadhani unyevu ndio muuaji. Unyevu peke yake huvimbisha tu. Kinachopasua ni kurukaruka kwa unyevu. Wapigaji wa hotelini mnanielewa: mchana gitaa limelala chumba cha kiyoyozi, jioni liko mita chache kutoka majini, usiku linarudi kwenye kiyoyozi. Mbao iliyokunywa maji inakaushwa ghafla, inataka kusinyaa, mbavu zinaishikilia, inachanika kufuata mistari ya mbao. Nyufa nyingi ninazoziba ni za kiyoyozi, si za bahari. Kama huna budi kulala nacho, gitaa libaki ndani ya boksi lake, limefungwa.

Na vile vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu? Nawapa wateja, lakini imani yangu navyo ni ndogo. Mfuko unaofunguliwa kila saa kwenye hewa yetu, vinashiba upesi, na wanaovikausha tena ni wachache. Hata kusaga mfupa wa darajani, ule ambao nyuzi hulalia, ili nyuzi zishuke nakufanya kwa shingo upande: ukisaga masika, kiangazi uso unarudi chini na nyuzi zinaanza kukwaruza freti. Bora mifupa miwili, mrefu na mfupi. Chuma cha ndani ya shingo usikiguse kwa tatizo hili. Kinanyoosha shingo, hakishushi uso uliovimba. Na yapo magitaa ya solidi yanayonikanusha, yamekaa Unguja miaka na hayajatikisika. Nayaona, nanyamaza.

Basi ununue nini? Yamaha F310 uso wake ni plaiwudi, inatosha. FG800 ni gitaa zuri zaidi, ila uso wake solidi. Ichukue kama utaitunza. Ukipenda nyuzi za nailoni, Yamaha C40. Usije ukaifunga nyuzi za chuma, zinavuta karibu mara mbili, daraja litang'oka. Mwenye hela zaidi atafute la nyuzinyuzi za kaboni, halinywi maji kama mbao, aache kunisoma.

Dukani usiamini karatasi ya muuzaji. Chungulia ukingo wa tundu la sauti: mistari ya mbao ikishuka moja kwa moja hadi ndani, ni solidi; ukiona tabaka, ni plaiwudi. Kisha chukua kipande cha karatasi, jaribu kukipenyeza chini ya daraja kwa nyuma. Kikiingia, gundi imeshaanza kuachia. Rudisha gitaa, hata likipunguzwa bei.

Nyuzi chukua zilizopakwa utando. Ni ghali, lakini chumvi inachelewa kuzila. Zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, na chini yake pia, maana jasho hukaa huko. Na gitaa usiliache kwenye gari juani. Gundi inalainika, halafu mnasema ni plaiwudi.